Kwanza upindo, kisha jina

Mtu akinipa skafu ya hariri niitazame, jina lililochapishwa pembeni silisomi kwanza. Natafuta upindo. Jina ndilo jambo rahisi kuliko yote kuiga. Mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa vitambaa atakuandikia HERMÈS, jina la nyumba ya mitindo ya Paris, hata kwenye taulo. Lakini kuuviringisha ukingo wa hariri kwa kidole gumba na cha shahada, kidogo kidogo, pande zote nne, huku ukiushona kwa uzi wa rangi ileile, hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa, na mtu huyo lazima alipwe. Mwigaji anayakimbia malipo hayo. Basi hapo ndipo anapokamatika.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, naishi Paris. Skafu hizi sizivai shingoni kama wanavyovaa wenyeji wa huku. Nazivaa kichwani, ushungi. Nilikuja kuzipenda kwa sababu ya shida ya kawaida kabisa inayojulikana na kila mwanamke anayejifunika: mtandio wa satini hauishi kuteleza, wa poliesta unachemsha kichwa, na wa pamba ukikaa kutwa ofisini unajikunja ovyo. Hariri nzito iliyofumwa kwa mshazari, ile ambayo ukiitazama karibu unaona vistari vimelala ubavu, hushika. Ukiifunga asubuhi utaikuta palepale jioni. Na kipimo chake cha sentimita 90 kwa 90 kinatosha kabisa kukunja pembe tatu na kubana chini ya kidevu, jambo ambalo hata Malkia Elizabeth wa Pili alilijua vizuri, japo yeye nywele za mbele aliziacha.

Dukani, skafu mpya ya Hermès ya kipimo hicho inazidi yuro 400. Sina ugomvi na anayelipa, ila mimi silipi. Ya mtumba iliyotunzwa huwa naipata kati ya yuro 100 na 200, yenye doa dogo chini ya hapo, na baadhi yake zina umri kunizidi.

Kwa wasioijua, nieleze kidogo. Hermès ilianza Paris mwaka 1837 kama karakana ya hatamu na lijamu za farasi. Skafu ya kwanza ya mraba ilitoka 1937, ikabuniwa na Robert Dumas, ikapewa jina la Jeu des Omnibus et Dames Blanches, yaani picha za mchezo na magari ya abiria ya kukokotwa na farasi. Tangu hapo kila mchoro huwa na jina lake, na mara nyingi jina hilo huchapishwa palepale kwenye kitambaa. Mtu wa Pwani hahitaji kufundishwa mpangilio huu, kwa sababu ni ule wa leso: kuna pindo linalozunguka, kuna mji katikati, na kuna jina. Tofauti ni kwamba jina la leso linamsema jirani, na hili linawasema farasi.

Turudi kwenye upindo. Kwa skafu za Kifaransa za daraja hili, ukingo huviringishwa kuelekea upande wa mbele, ule wenye picha. Za Italia mara nyingi huviringishwa kuelekea nyuma, kwa hiyo usiitupe skafu ya Kiitaliano kwa sababu tu imekunjwa kinyume cha ulivyozoea. Ukiupitisha upindo katikati ya vidole viwili, uusikie umejaa, wa mviringo, una hewa ndani. Upindo wa cherehani ni bapa na mishono yake imekaa sawasawa mwanzo hadi mwisho. Wa mkono ni mishono midogo iliyopishana nafasi kidogo, hapa karibu, pale mbali kidogo, kwa sababu aliyeshona alikuwa anapumua. Kisha nenda kwenye kona. Cherehani haipendi kona; hufika pale ikapiga mkunjo wa bahasha au ikaacha ncha za nyuzi. Mkono mzoefu huifunga kona ikawa na ncha safi. Wauzaji wengi wa bandia wamejifunza siku hizi kushona upindo kwa mkono, lakini huushona haraka, mishono ikawa mirefu na myeupe juu ya ukingo mwekundu. Uzi unapaswa kufuata rangi ya ukingo.

Mafunzo haya sikuyapata kwa kusoma tu. Paris ina jumba la makumbusho la bidhaa bandia, Musée de la Contrefaçon, katika wilaya ya 16, nyumba nzuri ambayo watalii wengi huipita kwenda kwingine. Humo halisi na bandia huwekwa ubavu kwa ubavu: manukato, viatu, mikoba, kalamu, hata vifaa vya nyumbani. Nilipata faida kubwa kule kuliko katika video zote nilizotazama, kwa sababu jicho hujifunza kwa kulinganisha viwili vilivyokaa pamoja. Ukiona bandia peke yake, itakupendeza. Ukiiona karibu na mwenzake, utashangaa ulikuwa unatazama nini.

Baada ya upindo natazama rangi. Hariri ya Hermès huchapwa Lyon na vitongoji vyake, mji ulioishi kwa hariri kwa karne nyingi. Wafumaji wake waliinuka dhidi ya mabwana zao mwaka 1831 na tena 1834 kwa sababu ya ujira. Katika kuchapa, kila rangi ina fremu yake, nayo hupigwa moja baada ya nyingine juu ya kitambaa kilichotandazwa. Mchoro wenye rangi 30 una fremu 30. Fremu moja ikihama kidogo tu, mstari mweusi utakimbia kutoka kwenye kidevu cha farasi. Kwa hiyo ninachotafuta ni mipaka: rangi inakutana na rangi bila kupanda juu ya mwenzake wala kuacha pengo jeupe. Halafu naigeuza. Skafu ya kawaida ya nyumba hii, mbali na zile za karibuni zilizochapwa kwa makusudi pande mbili, rangi yake huzama hadi nyuma, ikapungua kidogo tu. Ya kuchapwa kwa mashine ya bei nafuu, nyuma huwa imepauka kama haikuguswa.

Ndani ya mchoro huwa na sahihi ya msanii, si kila mara, lakini mara nyingi, imejificha kwenye jani au chini ya kwato. Hugo Grygkar, Philippe Ledoux, Henri d'Origny, Caty Latham: ukizoea, unaanza kumtambua mtu kwa mkono wake kabla hujaisoma sahihi. Ninayempenda kwa kisa chake ni Kermit Oliver, Mmarekani mweusi aliyekuwa akipanga barua katika posta ya mji wa Waco, Texas, huku michoro yake ya wanyama na mimea ya kwao ikiuzwa Paris. Annie Faivre yeye ana mchezo wa kumficha nyani ndani ya kazi zake. Nilimpelekea shangazi yangu mmoja skafu yake, ya maua na ndege, akaivaa harusini. Katikati ya taarabu mtoto wa jirani akasema kwa sauti, "Bibi, una nyani kichwani." Shangazi alinipigia simu usiku uleule. Tulicheka, ila aliniambia, "Mwanangu, siku nyingine unisomee kwanza kilichomo."

Kuhusu lebo, sanduku na risiti, nitasema machache. Lebo ya maelekezo ya usafi huwawasha wengi ngozi, wakaikata, kwa hiyo kukosekana kwake si ushahidi wa chochote. Kuwepo kwake pia si ushahidi. Sanduku la rangi ya chungwa, ambalo lilianza kutumika wakati wa Vita vya Pili vya Dunia baada ya karatasi ya rangi ya malai kuadimika, linauzwa tupu mtandaoni na kuna watu wanalipia fedha nzuri. Fikiria mwenyewe mtu anayenunua sanduku tupu anataka kuweka nini ndani. Kitu kidogo kimoja tu cha maandishi ninachokiangalia ni alama juu ya herufi E ya pili ya jina: hulalia kushoto, È. Wapo waigaji wanaoisahau, na wapo wanaoigeuza.

Napenda kununua ninapoweza kugusa. Jumamosi na Jumapili asubuhi kuna soko la vitu vikuukuu la Vanves, mwisho wa kusini wa jiji, unashuka kituo cha Porte de Vanves, njia ya 13 ya metro. Meza zimepangwa kando ya barabara, na ukifika mapema utawakuta wauzaji bado wanakunywa kahawa na hawajakasirika. Wengi wao hununua mali ya nyumba nzima ya marehemu, wakapata skafu ndani ya droo pamoja na glavu na vitana. Muuzaji wa namna hii hajui mara zote alicho nacho, lakini usijidanganye: jina la Hermès analijua. Asichokijua ni majina mengine. Kwenye kapu lilelile la yuro 10 utakuta skafu ya hariri nzito, upindo wa mkono uliojaa, ya duka dogo la Lyon, au la Como kule Italia, lililokufa zamani, na hakuna anayeigusa kwa sababu haina jina la kujivunia. Nusu ya ushungi ninaovaa kazini umetoka kwenye makapu hayo.

Mnadani pia huenda. Pale Drouot, wilaya ya 9, bidhaa huanikwa siku moja kabla ya mnada, mtu yeyote anaingia bure, anaomba afunguliwe kabati, anashika, anageuza. Hakuna atakayekuuliza kwenu ni wapi wala una kiasi gani. Skafu huuzwa mafungu, tatu au nne pamoja, nzuri moja imefungwa na mbili zenye madoa. Cha kukumbuka ni kwamba bei anayoigonga dalali kwa nyundo siyo utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi inayoweza kuzidi robo. Mwenye kuchangamkia bei bila kuhesabu ada hurudi nyumbani ameilipia skafu ya mtumba karibu sawa na mpya.

Mtandaoni ndiko kwenye mali nyingi na ndiko kwenye mashaka mengi. Muuzaji akiweka picha nzuri ya skafu imening'inizwa dirishani na ua pembeni, namwandikia kwa adabu, Madame, naomba picha nne: kona moja kwa karibu, upindo upande wa mbele, nyuma ya kitambaa, na sahihi. Nisichoomba ni risiti. Mwenye skafu ya mama yake hana risiti ya mwaka 1970 na hana sababu ya kuwa nayo, lakini simu ya kupiga picha kona anayo. Anayenijibu ndani ya siku moja na picha zilizotoka ukungu kidogo, zikiwa na kidole chake ndani, huyo ndiye nanunua kwake. Anayenijibu, "Ni halisi, nakuhakikishia, nilipewa zawadi," bila picha, namshukuru na kuondoka. Mmoja alinitumia picha ya kona ambayo pindo lake lilikuwa la buluu na skafu anayouza ilikuwa na pindo la kijani. Nilimwuliza kama ni ileile. Alifunga akaunti.

Kuna wanaoona hii ni taharuki ya bure. Kwao, ikiwa inapendeza, inatosha. Huku Ufaransa haitoshi, kwa sababu forodha wanaweza kukunyang'anya bidhaa bandia na kukutoza faini hata kama uliinunua ya kuvaa mwenyewe. Na hata bila sheria, mimi nalipa fedha kwa ajili ya kazi ya yule aliyeviringisha upindo. Kama hakuna aliyeviringisha, nalipia nini?

Halisi haina maana ya nzima, na hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko kwenye kutafuta bandia. Adui wa kwanza wa hariri ni maji na mashine ya kufulia. Skafu iliyofuliwa hujulikana: ng'aro yake imekufa, imelegea mkononi, na nyekundu au buluu iliyoiva imechuja ikaingia kwenye nyeupe ya jirani. Pasi huua upindo. Mtu akishaukandamiza ukawa bapa, haurudi ulivyokuwa, na muuzaji mkweli hupunguza bei kwa hilo. Jua huunguza rangi taratibu, kwa hiyo itandaze skafu nzima, usiridhike na kuiona ilivyokunjwa, kwa kuwa sehemu iliyokuwa juu ndani ya kabati la kioo huwa imepauka peke yake. Manukato huacha duara la manjano lisilotoka kwa dobi yeyote. Harufu ya kabati la zamani hutoka ukiianika kivulini penye upepo. Ya sigara hukawia. Ya dawa ya nondo ina ukaidi wake na mimi huikubali, maana mwenye kuweka dawa ya nondo alikuwa anaitunza.

Doa dogo kwenye kona haliniumizi kichwa. Ushungi una sehemu inayokwenda ndani, chini ya kidevu au nyuma ya shingo, na doa nalielekeza huko. Wafaransa wanaoivaa shingoni au kuitia fremu ukutani hawana pa kulificha, ndiyo sababu mimi napata kwa nusu bei kile wanachokikataa. Nyuzi zilizovutika na herini au pini ni jambo jingine; hizo huendelea. Skafu iliyotobolewa na pini za ushungi naijua kwa macho ya mbali, na mimi mwenyewe pini siitumii kwenye hariri. Naifunga fundo au natumia kibanio cha sumaku.

Nikienda nyumbani Mombasa, sokoni Kongowea lazima nifike. Nimekua nikiwafuata mama zangu kwenye marobota ya mitumba pale, na mkono wangu ulijifunzia pale kabla ya kujua kuna Drouot. Skafu humwagwa kwenye turubai kwa pamoja, poliesta na pamba na sufu, muuzaji anaimba "Hamsini! Hamsini!" nawe unaingiza mkono bila kutazama. Hariri hujisema yenyewe: ni baridi mara ya kwanza ukiigusa, kisha inapata joto la mkono wako upesi. Ukibaki na shaka, chomoa uzi mmoja ulioning'inia kwenye ukingo, uuchome. Hariri hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikaacha kishanga kigumu. Usifanye hivyo mbele ya muuzaji. Kaka mmoja aliniuliza kwa upole kama nimekuja kununua au kuchoma soko. Humo nimetoa skafu ya Kiitaliano yenye upindo wa mkono uliokaza, imetumika kidogo sana, kwa hela ya soda. Jina lake halina maana kwa yeyote. Binamu yangu aliiomba na hajawahi kuirudisha.

Shida moja wauzaji wa Paris hawaielewi, na nimeacha kuwaeleza. Mama zangu na shangazi zangu hawataki kuvaa picha za viumbe hai kichwani, maana ukisimama kuswali itabidi uivue, na baada ya kisa cha nyani wamezidi kukaza. Ukiondoa farasi, mbwa wa kuwinda, ndege, simba na mabinti wa Kigiriki, michoro mingi ya nyumba ile inakwisha. Inabaki ya maua matupu, ya majani, ya maumbo, ya mikanda na minyororo, na ile ya Hugo Grygkar ya mwaka 1957, Brides de Gala: hatamu mbili za sherehe zinazotazamana, vipuli na ngozi na shaba, na farasi mwenyewe hayupo. Imetolewa tena na tena kwa rangi nyingi, kwa hiyo si adimu. Kwa kuwa si adimu, bandia zake pia ni tele, na hapo nafanya kazi yote niliyoieleza juu.

Shangazi anaitaka yenye pindo la samawati. Wiki hii nimeziona mbili zinauzwa. Moja imepigwa pasi mpaka upindo umekuwa bapa pande zote, na mwenyewe anataka bei ya ile isiyoguswa. Ya pili inaonekana nzuri, mji mweupe safi, lakini nimemwomba muuzaji picha ya kona tangu Jumanne na amenitumia picha ya sanduku.